Sababu ya Hitilafu

Kila Jumatatu lori huleta zilizokufa.
Inveta kumi na mbili, safari nyingine thelathini,
zimeviringishwa magazeti ya Madurai, ya Salem,
na moja leo imefungwa taulo la mtoto.
Wanazimwaga mezani pangu, jirani na choo,
maana kiwanda huficha marejesho yake
kama nyumba inavyoficha nguo chafu siku ya wageni.

Kule mbele, mapokezi, zinang'aa:
betri za ukutani, nyeupe, nyembamba kama mlango wa kabati,
na picha ya familia inacheka chini ya taa.
Baba wa familia ile ni binamu yake Duraisamy wa mauzo.
Kwake Pollachi bado anavuta kamba ya jenereta.

Mimi Poongothai, miaka kumi na mmoja na bisibisi.
Nanusa kabla sijafungua.
Kapasita iliyopasuka hunuka samaki.
Radi hunuka sarafu iliyokaa mdomoni.
Maji hayanuki; huacha ukoga wa kijani
kwenye miguu ya shaba.

Ya leo ilinuka nyama.

Skrubu sita. Kifuniko. Na humo,
kati ya ncha chanya na ncha hasi,
mjusi,
mkavu, kanyooka
kama mtu aliyekuwa akivuka barabara kwa haraka,
mkono ng'ambo hii, mguu ng'ambo ile,
volti mia nne zikampitia katikati
kwenda kumpelekea giza mwanamke wa Karur.

Kwetu, mjusi akilia ukiwa unasema, umesema kweli.
Akikuangukia begani ni hivi, kichwani ni vile;
mama anayo orodha nzima, mpaka kisigino.
Orodha haisemi kitu
akiangukia kazi ya mikono yako.

Fomu ina visanduku vinne:
Radi. Maji. Fundi wa mteja. Nyingineyo.
Duraisamy kasimama nyuma yangu, chai mkononi.
"Andika mdudu. Wadudu hawamo kwenye dhamana."
Mjusi si mdudu, bwana.
"Kwenye dhamana ni mdudu."

Barua imebandikwa kwa plasta ya kidonda:
Sornavalli, mshona sare za shule.
Mkopo wa miezi thelathini na sita, amelipa saba.
*Cherehani imesimama. Shule zinafunguliwa Juni.*
Hakuomba chochote. Aliandika tu tarehe.

Nikatafuta mlango wa mjusi.
Chini, waya unapotokea, pana pete ya mpira.
Zamani ilikuwa nene, ilikaba waya
kama mtoto anavyokaba titi.
Hii ya mwaka jana ni nyembamba:
rupia mbili na nusu zimeokolewa,
mara inveta elfu arobaini,
laki moja kamili.
Nilikuwapo siku ilipotangazwa.
Tuligawiwa laddu. Nilipiga makofi.

Nikapima pengo: milimita tisa.
Nikapima kichwa cha mjusi: nane.

Saa tisa na nusu umeme wa serikali ukakatika, kama kawaida yake.
Taa zikakonyeza, zikarudi.
Hakuna aliyeinua uso.
Biashara yetu yote ndiyo hiyo:
kuwauzia watu kutoinua uso.
(Betri zilizotushika si zetu, za washindani.
Mkurugenzi alizinunua mapema,
kabla hatujaanza kujiamini.)

Nikamtia mjusi kwenye mfuko wa vielelezo,
nikambana kwenye fomu, na pete ya mpira kando yake.
Kwenye Nyingineyo nikaandika:
*Alipita tulipoacha wazi. Inveta mpya, bila malipo.
Na zile elfu arobaini zikaguliwe.*

Kalamu ikasita kwenye sahihi.
Nikatega sikio ukutani, nyuma ya saa,
wanapokaa wawili ninaowajua.
Kimya. Feni tu,
na Duraisamy akipuliza chai yake.

Nikatia sahihi hivyohivyo.
Nikavuta iliyofuata.
Iliniwashia pua mapema: samaki.