Feni Isiyosema

Bafu letu halina dirisha.
Limekaa katikati ya nyumba kama kokwa,
ghorofa ya tatu, mtaa wa Hilltown, Dundee,
na mvuke ukishaingia haukumbuki njia ya kutokea:
unalala juu ya kioo, unateremka ukutani,
unaandika kuvu nyeusi pembeni mwa dari
kwa mwandiko ambao siki na brashi zimeshindwa kuufuta miaka sita.

Feni ya zamani ilikuwapo, ndiyo.
Ilinguruma kama kinu cha kusaga kilichomeza kijiko,
jirani wa chini akigonga bomba,
na ukiipa karatasi ya chooni inaiacha ianguke.
Debe tupu: haliachi kuvuma, na halibebi kitu.

Basi nikaanza kuchagua.
Nikajifunza kuuliza kama mtu anayeozesha binti:
Unavuta lita ngapi kwa sekunde?
Unasema kwa desibeli ngapi,
si pale dukani, bali ukishabebeshwa bomba refu mgongoni?
Ile ya bei nafuu ilijisifu kwa herufi kubwa.
Ile ya kimya kabisa ilivuta kama mgonjwa anayenusa supu.

Fundi Ruaridh, mtu wa maneno machache na soksi zilizotoboka,
alipanda ngazi, akaingiza kichwa darini, akacheka:
bomba lilikuwa limejikunja mara tatu kama utumbo,
likitapika mvuke wetu juu ya mbao zetu wenyewe.
"Feni yoyote ingepiga kelele hapa," alisema.
"Hata wewe ungepiga."

Tukaichukua ile inayokaa ndani ya bomba,
ikafungwa mbali, juu ya dari, ikaning'inizwa kwa mpira
isizitetemeshe mbao;
bomba jipya, gumu, limenyooka hadi nje,
na kijicho kinachonusa unyevu kikawa ndicho mwamshaji.
Pauni mia moja na arubaini na mbili, mbali na ufundi.
Zamu mbili za usiku, nikiwageuza wazee wa watu vitandani.

Nikainua karatasi ya chooni hadi kwenye tundu.
Ikashika. Nikaachia. Haikuanguka.
Nikatega sikio: pumzi tu, ya mtoto aliyelala.

Jumapili Shekue akaingia kuoga.
Nilikuwa koridoni nakunja mashuka
nikamsikia, mara ya kwanza kwa miaka sita,
akizungumza na kioo.
Taratibu, kama apangaye vikombe vya wageni:
"Mwanakheri, kule ghalani wamepunguza saa."
Akakohoa. Akaanza upya.
"Mke wangu, usishtuke." Hapana.
"Mwanakheri, tangu mwezi wa tatu..."

Sasa ni Oktoba.
Mara ngapi ameyasema haya
chini ya ule mngurumo,
kisha akatoka na taulo kiunoni, akaulizia chai?

Nilitaka kimya, nikakilipia.
Kwenye boksi hawakuandika kimya kitaleta nini.

Nikaenda jikoni kwa ncha za vidole,
nikabandika birika,
nikavigonganisha vikombe makusudi,
ili ajue nipo, ili asijue nimesikia.
Mlango ukafunguka. Kioo nyuma yake kikavu,
king'aavu,
na karatasi yangu bado imeng'ang'ania darini.

"Mwanakheri," akasema.

Nikamvutia kiti.