Mvumbika Changa

Daktari aligeuza skrini nione:
vifuko vidogo vimejipanga ukingoni mwa ovari,
kumi na tisa kushoto, ishirini na viwili kulia,
vyeusi, vya mviringo, vimebanana.
"Kama shanga," akasema.
Nikacheka. Nyanya yangu alizivaa kiunoni kwa nje,
mimi nimezaliwa nazo ndani
na hazijawahi kulia hata usiku mmoja.

Miaka saba nahesabu kalenda inayoruka miezi.
Miaka saba, kila Ijumaa, kibanio na kioo,
nywele nne za kidevu, zile zile, hazichoki.
Na watu wananilisha methali:
mvumilivu hula mbivu.
Mbivu gani?
Kwangu yote huanza, hakuna linalomaliza.

Mama anauza ndizi Marikiti.
Nilipomweleza kwamba watayatoa yangali machanga,
bila zile sindano nyingi zinazoweza kunivimbisha tumbo,
wayaweke kwenye kisahani, kwenye joto,
yapevukie huko, Parklands, ghorofa ya tatu,
alinyamaza, akageuza mkungu, akabonyeza ndizi kwa kidole kimoja.
"Mvumbika changa hula mbovu."
Hakusema kwa ubaya. Ni kazi yake.
Amewahi kumwaga gunia zima mtaroni.

Yakatoka kumi na moja.
Nilitajiwa idadi nikiwa bado na usingizi wa dawa.
Mutinda alikuwa ameshika viatu vyangu
kama mtu aliyekatazwa kuviweka chini.
Ploti ya Joska ilikuwa imeshauzwa. Hatukuitaja.

Usiku ule stima ikapotea Pangani.
Nikakaa kitandani, Julai, baridi ya kukunja vidole,
nikiwaza: na kule?
Nikampigia Kerubo wa maabara, saa saba usiku, bila aibu.
"Jenereta inanguruma, dada. Nyuzi thelathini na saba. Lala."
Sikulala. Niliwaza joto lile lile
ambalo mwili wangu ulikuwa nalo siku zote
na haukujua la kulifanyia.

Kesho yake jioni akanionyesha.
Yai likipevuka, alisema,
hutema kipunje kidogo pembeni,
kama mtoto atemavyo kokwa ya zambarau.
"Hili limetema. Hili pia. Hili linasitasita.
Hili..." akasogeza lenzi, "hili halitatema."

Matano.

"Ni mazuri?"
Akavua glavu moja kabla ya kunijibu.
"Naona ganda. Naona umbo.
Kilichoandikwa ndani sikioni."
Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Nikapitia Marikiti, matope hadi kwenye vifundo.
Mama hakuuliza mangapi.
Aliuliza, "Waliyafunika na nini?"
Nikamwambia: giza, na mvuke,
na maji yenye chumvi kidogo na sukari kidogo.
Akatikisa kichwa polepole,
mfanyabiashara akimsikiliza mwenzake wa soko jingine.

Bado hatujaambiwa matano yamekuwa mangapi.
Mama amenichagulia ndizi moja, kijani, ngumu kama kijiti,
akaifunga kwenye gazeti, akanitilia mkobani.
"Hii," akasema, "usiiguseguse.
Hadi Alhamisi."