Kumi na Moja

Nazibrola, uliyemzaa mama yangu,
miaka thelathini na minane
ulishusha kizuizi cha reli pale Hashuri:
ng'ombe wakangoja, malori yakangoja,
treni ya Batumi ikapita,
nawe, bendera mkononi, ukihesabu mabehewa
kama mfugaji ahesabuvyo mbuzi jioni.

Bahari hukuiona. "Nikienda, nani atashika bendera?"

Theluji ikifika magotini
ulinitia viazi viwili vya moto mifukoni:
njiani vipashe mikono,
saa sita viwe chakula.
Jioni nikikukuta unatafuna maganda
uliniambia ndiyo matamu.
Nikaamini. Nilikuwa na miaka saba.
Nilipofika tisa, nikajifanya naamini.

Jana tulikupeleka makaburini, ng'ambo ya reli.
Kizuizi siku hizi hujishusha chenyewe, kwa umeme;
kikashuka mbele ya jeneza.
Tukasimama, nawe mabegani, mwepesi kuliko tulivyodhani.
Padri akatazama saa.
Mjomba Zurabi akavua kofia,
midomo ikimchezacheza.

Kumi na moja, Bibi.
Yote yamepita salama.