Jezi Zilizorudi Safi

Mimi si kocha. Mimi ndiye ninayefua.
Kila Jumapili, nyuma ya bweni, jezi kumi na nane,
mabeseni mawili na kipande cha sabuni ya mche,
mgongo nimeupa mlima Wanale
na yale maporomoko yake membamba
kama uzi uliochomoka kwenye pindo.
Kwa hiyo usiniulize nani alikaba wapi.
Niulize matope.

Tulipowafunga wale wa Kampala,
wale wenye basi la jina lao na daktari wao wenyewe,
vidole vyangu vilichubuka.
Ya Wepukhulu ilikuwa na damu kwenye kola.
Ya Nangoli, kipa, ilichanika kiwiko;
nikaishona kwa uzi mweusi, mwekundu ulikuwa umeisha.
Ya Muyonga nilibadilishia maji mara nne
na bado beseni likabaki rangi ya chai ya maziwa.
Bao moja. Dakika ya themanini na nane.
Mji mzima wa Mbale ulilala ukipiga honi.

Kisha ikaja ile wiki.

Mpishi akaanza kumwekea Muyonga nyama vipande vitatu.
Wepukhulu akaitwa redioni, akalisimulia bao;
aliporudi akatusimulia alivyolisimulia.
Mazoezini walikuja, sitawasingizia,
walikuja wote, wakakimbia,
lakini walikimbia kama watu wanaopigwa picha.

Pwani wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Sisi huku hatukwei mnazi. Sisi tuna chungu cha malwa,
na maji ya moto huongezwa mchana kutwa, wala si hila,
ndivyo malwa inavyonywewa.
Unavuta mrija, unacheka, unaongeza, unavuta.
Hakuna anayekuambia ni duru ya ngapi
ulipoanza kunywa maji matupu
na kusifia ulevi.

Jumamosi tukaenda Ngora.
Chuo cha ualimu, magoli ya miti ya mkaratusi,
ng'ombe wawili waliofukuzwa uwanjani mara mbili.
Vijana wao walipasha miguu peku
ili viatu visichakae kabla ya mechi.
Wetu wakawatazama dirishani, wakatabasamu.
Hakuna aliyewaambia,
na mimi pia nililijua nikiwa nimechelewa:
kwa Ngora, sisi ndio tulikuwa Kampala.

Dakika ya kumi na moja, kona.
Mpira ulishuka taratibu mno, ungeweza kuuvulia kofia.
Wepukhulu akamwachia Muyonga, Muyonga akamwachia Nangoli,
kwa adabu kabisa, kama watu wanaopishana mlangoni,
na kijana mmoja mfupi, Ejoku,
ambaye hakuwa amesikia redio yoyote,
akapita katikati yao kwa kichwa.

Dakika sabini na tisa zilibaki.
Ni nyingi. Mtu anaweza kupika maharage.
Wetu walizitumia kungoja
lile bao la dakika ya themanini na nane
lije lenyewe, kwa vile lilijua njia.

Kwenye basi kocha alimtaja refa.
Mwingine akakitaja kiwanja, kina mteremko.
Mmoja nyuma alinong'ona habari ya mfupa wa kuku golini.
Nikanyamaza. Gunia la jezi lilikuwa magotini mwangu,
na lilikuwa jepesi.

Jumapili nikazitumbukiza.
Maji yakabaki maji.
Nilikiona kitako cha beseni, na ua lililochorwa pale
ambalo nilikuwa nimelisahau.
Ya Muyonga ilinukia manukato.
Sikuifua. Niliianika ilivyo,
ikapepea mbele ya Wanale siku nzima kama ushahidi
ambao hakimu hakuuomba.

Na kule Ngora, nadhani,
kuna mtu asubuhi hiyo alibadilisha maji mara nne.
Vidole vinamuuma. Anaimba.
Namwonea wivu.
Halafu nakumbuka kwamba leo hii
wanamwekea Ejoku nyama vipande vitatu,
na kwamba Jumamosi ijayo nao wana mechi,
na timu moja ndogo ambayo jina lake hawajalikariri vizuri.