Kitambaa Kikavu

Jana mkamwana wangu Fadina
aliosha mboga kama mtu anayeoga baada ya safari.
Bomba lilikuwa linatoa,
na hapa Newala siku bomba likitoa
hata waliogombana huitana,
basi akalifungua mpaka mwisho:
karoti zikazama, boga likaelea,
bilinganya zikageuza migongo yao myeusi juu.
Sikusema kitu.
Mkwe mwenye maneno hupikiwa bila chumvi.

Akazimwaga kwenye sinia zingali zinachuruzika,
akazisukumasukuma zikalaliana,
mkaa chini, mkaa juu ya bati,
tukakaa kuingoja harufu.

Ikaja harufu ya nguo zilizoanikwa ndani siku ya mvua.
Alipofunua, mboga zilikuwa zimelegea
kama watu wa matangani usiku wa tatu,
zimepauka, zinatoka maji.
"Nimekosea wapi, mama?"

Hujakosea. Wewe umezaliwa na bomba.

Mimi nilizaliwa maji yakiwa kule chini, bondeni,
na mama akishuka na mtungi kabla jogoo hajawika,
akirudi kupanda na jua limeshamkalia shingoni.
Maji yale yalifika nyumbani yana wenyewe:
haya ya kunywa, haya ya babu kutawadhia,
haya ya uji wa mdogo wako.
Mboga haikuwa na fungu.
Mboga ilipanguswa vumbi kwa upindo wa kanga,
kipande kwa kipande, kama mtoto anavyofutwa pua,
ikaenda motoni kavu
na kutafunwa ikalia kwaru!
mpaka jirani akajua tunakula nini.
Hatukujua kwamba ule ni upishi.
Tulidhani ni shida.

Leo tumerudia.
Osha, nikamwambia, siku hizi tuna dawa za korosho,
osha sana tu. Lakini halafu shika kitambaa.
Bilinganya ipake chumvi, iache itoe jasho lake,
mfute na hilo jasho.
Kata boga unene wa kidole, si cha kwako, cha kwangu.
Mafuta ya ufuta, yale ya chupa ya mwisho kabatini,
kiasi cha kung'arisha, si cha kuogelea.
Bizari nzima uipondeponde tu, isiwe unga.
Kitunguu saumu kingoje, kina haraka ya kuungua.
Na zipe nafasi, Fadina! Zisigusane.
Mboga zikibanana zinapikana zenyewe kwa mvuke,
moto unabaki mlangoni kama mdai.
"Sinia halitoshi."
Basi choma mara mbili. Nani anatufukuza?

Akapanga. Ulimi umetoka pembeni ya mdomo,
anapanga karoti kama anayehesabu noti za malipo ya pili.
Mkaa juu uwe mwingi kuliko wa chini.
Usifunue. Usifunue, nimesema.
Sikiliza: ikinong'ona bado,
ikianza kutatarika, sogea,
ikinyamaza ghafla, kimbia.

Ikanyamaza. Tukakimbia wote wawili, na goti langu hili.

Kingo zilikuwa zimeiva rangi ya mbao ya mninga,
na pale karibu na kuungua, pale hasa,
ndipo utamu ulipojificha.
Tukakamua ndimu, tukamwagia korosho za vipande,
zile zilizovunjika ambazo mnunuzi hazitaki.

Mwanangu Likapa akarudi kutoka ghalani,
akaikuta ugali wa muhogo unafuka, samaki yuko tayari,
akapita kote huko na mkono wake
mpaka kwenye sinia la pembeni,
akala amesimama, bado na viatu,
na hakuuliza mpishi nani.
Mimi na Fadina tukatazamana.

Bomba lilikuwa limekata tangu saa nane.
Hakuna aliyegundua
mpaka ilipofika zamu ya kuosha sinia.