Mngoje Chini

Miaka hamsini na miwili nimeishi ghorofa ya chini
kwa hiari yangu. Hesabu za chama cha wafuga nyuki
nazifanyia dirishani, usawa wa viatu vya wapita njia.
Wenzangu walipopanda Triglav, mimi nilishika makoti.
Aliye juu mngoje chini, husema watu,
nami nilingoja kwa uaminifu,
na chupa ya chai.

Lakini Neža, akiwa na miaka saba, alinitoa ahadi,
na mtoto hasahau deni.
Juni hii katimiza ishirini, akaweka mezani
kofia ngumu mbili, kati ya mkate na chumvi.

"Twende usiku," nikasema. Nilijiona mjanja.
Nisichokiona hakitaniangusha.

Bonde la Krma tulilianza jua likizama,
saa sita za kokoto na mizizi, kisha kibanda,
ubao wa kulalia, blanketi lenye harufu ya supu,
na mtu asiyejulikana akikoroma kama msumeno.
Saa tisa Neža akanigusa bega.
Nilikuwa macho. Nilikuwa macho tangu Machi.

Taa ya kichwa ilinipa dunia ya ukubwa wa sinia:
jiwe, waya wa chuma, mkono wangu,
jiwe, kigingi, mkono wangu.
Nikaanza kuipenda ile sinia.
Mpaka kiatu kikasukuma kijiwe.
Nikasikiliza kitue.
Nikasikiliza.
Hadi leo sijakisikia.

Basi giza halikuwa pazia. Lilikuwa sikio.
Hapo kwenye mgongo mwembamba wa mlima, huku hakuna kitu
na kule hakuna kitu, magoti yakagoma.
Nikaukumbatia waya kama ndugu aliyerudi vitani.
Nyuma yangu taa zikapanga foleni.
Mtu mmoja akakohoa, kwa adabu.

Neža hakuniambia usiogope.
Alisema, "Baba, asali ya msonobari mwaka jana, kilo ngapi?"
"Elfu moja mia nne na sita."
"Songa. Na ya maua ya bondeni?"
"Mia tisa... hapana, mia nane tisini. Kovač alirudisha madebe."
"Songa. Mangapi?"
Hivyo ndivyo nilivyovuka, deni kwa deni,
nikilipa hatua, nikidai pumzi,
na kule mwisho hesabu zikakaa sawa.

Kileleni pana kimnara cha bati, kifupi, kama pipa lenye kofia.
Watu walitazama jua likichomoza. Walishangilia.
Mimi nilitazama misumari ya bati, mmoja mmoja,
paji la uso likiwa juu ya ubaridi wake.
Kisha, kama ilivyo desturi kwa mgeni wa kilele,
waliniinamisha wakanichapa kamba makalioni, mara tatu,
na yule aliyekohoa ndiye aliyeshika kamba.

Sasa kumekucha. Hili sikulipigia hesabu.
Mpanda ngazi hushuka; methali haikusema ashuke na nini.
Mimi nilishuka na makalio.
Mchana ulifunua kila nilichopita: genge, na chini ya genge
wingu, na chini ya wingu ng'ombe, wadogo kama punje za mtama.
Bibi mmoja, fimbo mbili, nywele nyeupe, akipanda,
alinisogelea ukutani apite.
"Telezesha tu, mwanangu," akasema. "Mlima hauandiki daftari."

Nilitamani kuuliza nani basi huandika.

Nyumbani hawajaniuliza kama nimepona. Sijapona.
Jumatano taa ya jikoni iliungua.
Nikapanda kigoda, futi moja na nusu,
na magoti yakaanza ile habari yao ya zamani.
Neža akatoka chumbani na mswaki mdomoni,
akakishika kigoda kwa mikono miwili,
asiseme neno,
akaningoja chini.