Kijikaratasi cha Manjano

Picha niliipiga mimi. Niseme hilo mapema
kabla hamjaanza kumtafuta mchawi.
Ilikuwa Jumatatu, rasharasha juu ya Brezovec,
mji wa watu elfu mbili na kengele nne
huko Slovenia, pale milima inapoanza kujikunja.

Gazeti lilinituma kwa Boštjan Kerin,
mkuu wa usalama wa kompyuta wa manispaa,
aliyerudi kutoka makao makuu na nishani ya kioo.
Alikaa wima, tai imemkaba,
akatabasamu kama mtu aliyefunga milango yote
na kumeza funguo.
Nyuma yake skrini; kwenye ukingo wa skrini
kijikaratasi cha manjano, kalamu nzito,
herufi za mtu aliyesahau miwani:
KENGELE. Jina: kanisa. Nenosiri: kanisa1.

Mimi nilikuwa naangalia mwanga.
Mhariri alikuwa anaangalia saa.
Boštjan alikuwa anajiangalia.
Jumatano ikatoka, ukurasa wa tatu, rangi kamili:
"Hapenyi Mtu."

Zamani kengele zile zilikuwa na mtu wake.
Miaka thelathini na minane Zalka Mohorič
alipanda ngazi tisini na sita,
akashika ndimi za chuma kwa mikono yake,
akizigonga kama mama anayejua
mtoto yupi aamshwe kwanza.
Kisha ikaja mota, na kisanduku chenye taa ya kijani,
na Zalka akapewa saa ya ukutani
na keki.

Tangu hapo saa sita ni saa sita kweli,
siwezi kusema uongo.
Ila msiba ni namba tano: dakika mbili, basi,
awe padri, awe mlevi wa stesheni.
Desturi yetu ni vituo vitatu kwa mwanamume,
viwili kwa mwanamke, ili aliye shambani
ajue avue kofia kwa ajili ya nani.
Kisanduku hakikuambiwa.

Jumanne alikufa Francka,
aliyempandishia Zalka supu mnarani
kila Jumapili ya baridi, kopo limefungwa kwa skafu.
Kengele zikalia dakika mbili, zikakatika
kama redio iliyochomolewa ukutani.

Zalka hununua gazeti kwa ajili ya tanzia.
Alishika mkasi na kioo cha kukuzia,
akamkata Francka taratibu kwenye ukurasa wa nne,
akageuza karatasi.
Na upande wa pili, katikati ya tundu na tai ya Boštjan,
palikuwa na kitu cha manjano.

Ijumaa, maktaba. Kijana wa zamu alimwonyesha
namna ya kushika kipanya. "Usikibane, bibi, hakitoroki."
Saa kumi, jeneza likiwa bado mabegani,
kengele kubwa ikalia. Ikangoja.
Ndogo ikajibu. Kituo. Kituo cha pili.
Halafu zote nne, zikikosea kidogo, zikichelewa,
kwa kidole kimoja cha shahada.
Wanaume wakavua kofia bila kuambiwa.
Boštjan akakatiza uwanja mbio, simu sikioni:
"Tumevamiwa!"

Wataalamu walikaa siku tatu, wakala vizuri.
Ripoti ina kurasa arobaini.
Inasema mvamizi ni stadi,
ana vifaa vya kisasa, na huenda yuko ng'ambo.
Kijana wa maktaba hakuulizwa.
Zalka aliulizwa, lakini kuhusu njia ya kwenda chooni.

Jana nilitumwa tena, picha ya ripoti.
Boštjan alikuwa amekonda. Akakaa wima.
Safari hii nilitazama ukingo wa skrini kwanza.
Karatasi mpya, manjano ileile: kanisa2.

Nilifungua kinywa, jamani. Nilikifungua kweli.
Kisha nikakumbuka kwamba Zalka
amebakiwa na marafiki watatu,
na mmoja wao anakohoa.

Nikasogea hatua moja kushoto
ili kiingie chote.